Alama ya Yai

Amri ya kuteketeza ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa muhuri. Ilisema kwamba ifikapo saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, friza zote sita za maabara ya Profesa Szeto Wai-king zifunguliwe, na kila kichupa kilichomo kipitishwe kwenye tanuri la mvuke mpaka kisibaki na uhai wowote. Ilikosa kitu kimoja tu, nacho ni sahihi ya mchunguzi.

Mchunguzi alikuwa Inspekta Ngai Pui-shan. Alishuka kwenye tramu saa mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi, bahasha ikiwa kwapani, na Sajenti Mok akimfuata nyuma huku anamalizia mkate wake. Walipanda ngazi za chuo polepole kwa sababu mvua nyembamba ya Februari ilikuwa imezifanya ziteleze.

"Afande, hapa tunatafuta nini tena?" Mok aliuliza. "Si ripoti imeshasema?"

"Ripoti imesema kirusi kinafanana na nini. Haijasema kimefikaje."

Siku tisa kabla ya hapo, mwanamke mmoja aitwaye Kam Lai-ching, muuza kware katika soko la Kwai Fung, alilazwa Hospitali ya Shun Yan akiwa anapumua kwa shida kama aliyezama majini. Maabara ya hospitali ilikuta mafua ya ndege. Msimamizi wake, Daktari Heung Chun-yip, alisoma jeni zote nane za kirusi hicho na kuandika kwamba zinalingana, herufi kwa herufi, na kirusi namba 412 kilichohifadhiwa kwa Profesa Szeto. Magazeti yakapata habari. Kesho yake mji mzima ukawa unajua kwamba Profesa Szeto, mwanamama aliyeshinda miaka yote akichokora kinyesi cha kuku, ndiye aliyeleta ugonjwa.

Walimkuta profesa kwenye chumba kisicho na taa. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na tatu, nywele zimekatwa kama za mvulana, buti za mpira miguuni. Alikuwa anamulika mayai. Aliliweka kila yai juu ya tundu lenye mwanga, akalizungusha, akatazama mishipa myekundu iliyotandaa ndani, kisha akaliweka kulia au kushoto.

"Mmekuja na kiberiti?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja na maswali, Profesa."

"Basi kaeni. Maswali hayaunguzi."

Ngai alitoa daftari lake. Alikuwa na kawaida ya kuanzia mbali. "Nieleze kazi yako. Tangu mwanzo."

"Baba yangu alikuwa anafuga bata kule Yuen Long. Nilipokuwa na miaka tisa, bata mia nne walikufa kwa siku tatu. Akaja bwana mmoja kutoka serikalini, akawaandika 'wamekufa', akaondoka. Nikamuuliza baba wamekufa kwa nini, akasema hata yule bwana hajui. Nikaona ajabu mtu mzima avae tai aje mpaka kwetu kuandika asichokijua." Aliweka yai jingine kulia. "Nimesoma ili nijue. Miaka ishirini na mbili sasa, kila Jumatatu naingia sokoni na vijiti vya pamba. Nachukua kinyesi cha kuku, bata, kware, njiwa. Nimeshachukua sampuli zaidi ya laki moja. Wachuuzi wananiita Bibi Kinyesi."

"Inakukera?"

"Kwa nini inikere? Mara tatu nimevikuta virusi vibaya kwenye ndege kabla havijamgusa mtu. Mara tatu soko likafungwa, likasafishwa, na hakuna aliyeugua. Hakuna mtu anayeandika gazetini habari ya watu ambao hawakuugua, Inspekta. Lakini mimi najua idadi yao ni kubwa."

Alisema hivyo bila kujigamba, kwa sauti ile ile aliyotumia kuhesabu mayai. Mok aliacha kutafuna.

"Kichupa namba 412," Ngai alisema.

Profesa aliwasha taa, akawaonyesha rejista ya friza. Kirusi 412 kilitoka kwa kware wa soko hilo hilo la Kwai Fung miaka minne nyuma. Kilioteshwa ndani ya mayai mara tatu, kikagawanywa katika vichupa kumi, vikagandishwa. Rejista ilionyesha kwamba kimoja alikitumia yeye mwenyewe mwaka uliopita. Cha pili kilitolewa tarehe kumi na moja Januari. Mahali pa sababu palikuwa patupu. Sahihi ilikuwa ya Fok Chi-kin, fundi wa maabara.

"Bwana Fok yuko wapi?"

Kwa mara ya kwanza profesa alisita. "Hajaja tangu Jumatatu."

"Amekaa hapa muda gani?"

"Miaka kumi na tisa. Hajawahi kukosa hata siku ya kimbunga."

Mok alimtazama bosi wake kwa macho ya mtu aliyeshaona mwisho wa mchezo. Ngai hakumjali. Alikuwa ameinua bahasha nyingine, ile yenye ripoti kamili ya hospitali.

"Usinionyeshe," profesa alisema haraka. "Mimi ni mtuhumiwa. Nikiigusa hiyo karatasi, kesho watasema nimeichezea. Nitakwambia mahali pa kutazama, utazame mwenyewe. Kirusi cha ndege kikikaa kwenye mayai, kinajizoesha. Kuna herufi moja inabadilika. Jeni ya nne, herufi ya mia tano sitini na tatu. Kwa ndege wa sokoni utakuta G. Kwa kirusi kilichooteshwa kwenye yai utakuta A. Sisi tunaiita alama ya yai. Katika sampuli zangu zote sijawahi kuiona kwa ndege wala kwa mtu."

"Na nikikuta A?"

"Ukikuta A, andika A."

"Kuna kingine ninachopaswa kujua?"

"Kirusi cha mafua ni mwandishi mzembe. Kila akijinakili anakosea mahali. Kikigandishwa kinalala, hakikosei. Kikiingia mwilini, ndani ya siku mbili kimeshaandika makosa mapya. Ndiyo maana kazi yangu haiishi."

Katika kantini ya chuo, Ngai aliagiza chai ya maziwa, akakunjua ripoti, akaweka rula. Kila mstari ulikuwa na herufi sitini. Herufi ya mia tano sitini na tatu ingekuwa mstari wa kumi, ya ishirini na tatu kutoka kushoto. Alihesabu kwa ncha ya penseli. Akahesabu tena kutoka kulia ili ajihakikishie. Kisha akampa Mok naye ahesabu.

"A," Mok alisema. "Alama ya yai. Basi imekwisha, afande. Kirusi cha yule mama kimetoka maabara. Profesa mwenyewe katupa kamba ya kumfungia."

"Ndiyo. Na alijua anatupa."

"Labda ana kiburi."

"Anacho. Lakini si cha kijinga." Ngai alifungua ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, kwa wino mweusi, palikuwa na jumla: herufi elfu kumi na tatu na mia nne zimelinganishwa, tofauti sifuri. Alikaa akiitazama ile sifuri mpaka chai ikapoa.

"Mok, unaikumbuka kesi ya duka la vito, Mtaa wa Shanghai?"

"Wale mashahidi wawili?"

"Walisema nini?"

"Kitu kile kile. Neno kwa neno. Mpaka mahali pa kukohoa." Mok alicheka, kisha akanyamaza. "Walikuwa wamekaririshwa."

"Kirusi hiki kinadaiwa kutoroka kwenye kichupa, kikaingia kwenye nguo za mtu, kikaenda sokoni, kikaingia kwa kware, kikatoka kwa kware kikaingia kwenye mapafu ya Kam Lai-ching, kikakaa humo siku tano. Mwandishi mzembe anayekosea kila anaponakili, kapita miili yote hiyo na hajakosea hata herufi moja?" Alikunja ripoti. "Hiki kilichosomwa hakijawahi kuingia kwenye mwili wa mtu, Mok. Kimetoka kwenye kichupa kikaenda moja kwa moja kwenye mashine."

"Sasa kichupa kilifikaje hospitali?"

"Hilo atatuambia Bwana Fok."

Walimpata mchana huo huo mtaani Sham Shui Po, katika mgahawa wa dada yake, amekaa kwenye meza ya nyuma akifunga maandazi ya nyama kwa vidole vyepesi vya mtu aliyezoea vitu vidogo. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alipoona vitambulisho vyao hakusimama. Aliendelea kufunga.

"Kaka," dada yake alimwita kutoka jikoni, "hao ni wateja?"

"Si wateja. Endelea na kazi yako, dada."

"Tarehe kumi na moja Januari," Ngai alisema. "Ulitoa kichupa 412. Ulikipeleka wapi?"

"Sikumbuki."

"Umefanya kazi miaka kumi na tisa karibu na virusi vinavyoua, na hukumbuki ulikoviacha? Profesa wako angekufukuza siku ya kwanza."

Vidole vya Fok vilisimama.

"Ameniulizia?"

"Amesema hujawahi kukosa hata siku ya kimbunga."

Fok alifuta unga mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nilikipeleka Shun Yan. Kwa Daktari Heung. Alinipigia simu, akasema mashine zao zinahitaji sampuli ya kulinganishia, kitu wanachokijua ili wapime kama mashine inasema kweli. Akasema akijaza fomu atasubiri wiki tatu. Heung alisoma kwetu, afande. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika yai. Ni kama mdogo wangu. Nikampa, nikaacha mahali pa sababu patupu, nikasema fomu tutajaza baadaye."

"Profesa alijua?"

"Hakujua. Habari zilipotoka nikasema, Mungu wangu, kichupa changu kimemuua mama wa watu. Nikashindwa kumtazama usoni." Alisogeza sinia la maandazi pembeni. "Yule mama amekufa?"

"Yuko hai. Anapumulia mashine."

"Nitasema haya mbele ya yeyote unayetaka."

"Utayasema, na utaandika," Ngai alisema, akamsogezea karatasi. "Lakini kwanza nawa."

Daktari Heung alikuwa na miaka thelathini na minane na koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko la daktari yeyote hospitalini. Aliwapokea kwa heshima. Aliposikia jina la Fok, heshima ikapungua.

"Ndiyo, ninayo 412. Naitumia kila siku. Sasa je? Ndiyo iliyoniwezesha kutambua kirusi haraka. Nilikuwa wa kwanza kukiona."

"Siku uliyopima sampuli ya Bi Kam, 412 ilikuwa wapi?"

"Kwenye trei hiyo hiyo. Kimirija cha mgonjwa, pembeni yake kimirija cha kulinganishia. Ndivyo inavyofanywa duniani kote."

"Nani alimimina?"

"Mimi. Sikutaka kumwachia mtu." Alijaribu kutabasamu. "Inspekta, najua unakoelekea. Mimi sikosei trei."

Ngai aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa matokeo ya kimirija cha mgonjwa. Nyingine ilikuwa matokeo ya kimirija cha kulinganishia, aliyoyaomba kwa karani wa hospitali nusu saa iliyotangulia na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasoma, kwa kuwa hakuna mtu anayesoma kitu anachodhani anakijua.

"Kimirija cha kulinganishia kilipaswa kuwa 412," alisema. "Nisomee jeni ya nne, herufi ya mia tano sitini na tatu."

Heung alihesabu. Alikuwa mwepesi kuliko Mok. Ngai aliona kidole chake kinafika mahali, kinarudi mwanzo, kinafika tena.

"G," alisema.

Nje, kitanda cha magurudumu kilipita kwenye ukumbi.

"Sampuli ya awali ya Bi Kam ipo?" Ngai aliuliza. "Ile iliyotoka kooni kwake?"

"Ipo. Kwenye friji. Sijaigusa tena." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitaipima upya. Jeni ya nne peke yake, itakuwa tayari kesho saa nane mchana. Mlete mtu wenu asimame nyuma yangu aone kila ninachofanya. Na mimi nisimimine. Amimine mwingine."

"Nani?"

Heung alifikiri kidogo. "Mleteni Bwana Fok. Hakuna mkono ninaouamini kuliko wake."

Ijumaa, saa tisa na dakika kumi, walikuwa wageni wanne katika ofisi ya mkurugenzi wa tume ya afya iliyoandika ile amri: Ngai, Mok, Heung, na Profesa Szeto, ambaye alikuwa amevaa sketi ya kijivu na buti zake zile zile. Mkurugenzi alikuwa ameweka amri ya kuteketeza mbele yake, kalamu juu yake. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe.

Heung alisimama. Hakuketi mpaka mwisho.

"Ripoti yangu ilikuwa na makosa," alisema. "Nilibadilisha vimirija viwili kwa mkono wangu mwenyewe. Sampuli niliyoiita ya mgonjwa ilikuwa 412 kutoka kichupani. Ya mgonjwa niliiita ya kulinganishia, na sikuisoma. Tumeipima upya. Katika jeni ya nne peke yake inatofautiana na 412 kwa herufi sitini na moja, na haina alama ya yai. Haijatoka maabara yoyote. Naiondoa ripoti yangu, na naomba iandikwe kwamba nimeiondoa mimi, kwa jina langu kamili, sio 'hitilafu ya mashine'."

"Daktari," mkurugenzi alisema, "unajua hii itakufuata maisha yako yote?"

"Najua. Afadhali inifuate mimi kuliko imfuate asiyehusika."

Profesa Szeto alikuwa anamtazama mwanafunzi wake wa zamani. Hakukuwa na huruma usoni mwake, wala hasira. Ngai aliwahi kuona sura kama ile kwa baba yake mwenyewe, siku yeye alipovaa sare ya polisi kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu," Heung alisema, akainamisha kichwa. "Nilitaka kuwa wa kwanza."

"Kila mtu mwenye akili anataka kuwa wa kwanza, Chun-yip. Wangapi wanasimama hivi?" Alinyoosha mkono. "Ya mgonjwa. Sasa naruhusiwa kuiona?"

Ngai alimpa. Profesa alivaa miwani, akapitisha macho kwenye mistari kama mtu anayesoma barua kutoka kwa jirani. Kisha akatoa mfukoni karatasi yake mwenyewe, akaziweka pamoja.

"Hiki ninacho," alisema. "Nilikitoa kwa kware wa soko la Kwai Fung, wiki ya pili ya Desemba. Vizimba vitatu. Tofauti na hiki ni herufi mbili. Niliandika barua kwa ofisi hii tarehe ishirini Desemba, nikashauri kware watolewe sokoni. Jana sikutaja, kwa sababu neno la mtuhumiwa bila sampuli ya mgonjwa lingeonekana kisingizio."

Mkurugenzi aligeukia kabati lake. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Barua ilikuwapo, na muhuri wa kupokelewa, haijafunguliwa.

Ngai hakumpa nafasi ya kujieleza. Alichukua amri ya kuteketeza, akaipiga mstari kutoka pembe hadi pembe, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: UCHUNGUZI HAUUNGI MKONO. Hapo ndipo alipoweka sahihi yake.

"Wiki saba tangu barua ile," profesa alisema. "Siku hizi za mwisho kila mtu alikuwa anaitazama friza yangu, na kware wakaendelea kuuzwa. Soko lifungwe leo, mkurugenzi. Sio Jumatatu."

"Nitatuma maofisa."

"Tuma. Lakini mimi natangulia."

Mvua ilikuwa imekatika. Soko la Kwai Fung lilikuwa limejaa wanunuzi wa jioni, na harufu ya manyoya mabichi, tangawizi na maji ya moto. Ngai na Mok walitembea hatua mbili nyuma ya profesa. Watu walimtambua. Mmoja alitema mate pembeni. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo hapo. Bibi Kinyesi kaja kutumalizia."

Mwenyekiti wa wachuuzi, mzee mnene aitwaye Lui, aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamzibia njia.

"Unataka nini tena hapa, mama? Lai-ching yuko kitandani kwa sababu yako."

"Lai-ching yuko kitandani kwa sababu ya kware," Profesa Szeto alisema. "Kirusi sikukileta mimi. Kilikuwa hapa tangu Desemba, niliandika, barua haikusomwa. Polisi hawa wanajua, waulize. Sasa nakwambia wewe kwa mdomo. Kware wote watolewe leo, na soko lifungwe lisafishwe. Nyinyi mtakula hasara, najua. Lakini mke wako anashika kware, Mzee Lui. Na mabinti zako wawili."

Mzee Lui alimtazama Ngai. Ngai akatikisa kichwa kukubali.

"Amesema kweli," alisema. "Nimechunguza mwenyewe."

Soko lilikuwa limenyamaza mstari baada ya mstari, mpaka zikabaki sauti za ndege tu.

"Maofisa wangekuja kutuambia," Mzee Lui alisema. Sauti yake haikuwa kali tena. "Wana vipaza sauti. Wewe umekuja mwenyewe kwa miguu yako, baada ya yote tuliyokusema?"

"Miaka ishirini na mbili nimewachukulia kinyesi cha ndege wenu," profesa alijibu. "Ningemtuma nani?"

Mzee Lui aligeuka, akafunga bomba la maji ya moto, akamwambia mkewe anawe mikono mpaka kwenye viwiko. Alivaa glavu mbili mbili, akajifunga kitambaa puani, akaenda kwenye kibanda cha Kam Lai-ching kilichokuwa kimefunikwa turubai, na kizimba cha kwanza cha kware akakishusha yeye mwenyewe, taratibu, akakiweka chini mbele ya buti za mpira.

"Tuonyeshe, Profesa," alisema. "Tunaanzia wapi?"